Sehemu Saba za Bakuli

Nilifika katika mji ule asubuhi, au labda asubuhi ndiyo iliyonifikia mimi nikiwa bado natembea, maana barabara ya kuingia pale ina tabia yake. Ukiharakisha, inarefuka. Ukipunguza mwendo, inakuja yenyewe chini ya miguu yako kama mkeka unaokunjuliwa. Mimi ni mtu mzima, magoti yangu yameshasahau haraka, kwa hiyo nilifika kabla ya vijana walionipita. Kwapani nilibana kifurushi cha kanga. Ndani ya kanga mlikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli nilikuwa nimeweka swali langu. Nalisema mapema ili nisikusumbue: je, ni mimi niliyemuua mwanangu?

Jina lake Sikudhani. Alikuwa na miaka thelathini na minne na kifua kilichokuwa kinakauka. Nilimleta katika mji huuhuu kwa Bi Meilan, mganga aliyetoka Uchina akiwa msichana akazeekea hapa, mpaka watu wakasahau kuwa aliwahi kutoka popote. Bi Meilan alimshika Sikudhani kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Kisha akatupa pakiti arobaini za majani na mizizi, kila moja imefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi mweupe, akanifundisha kupika. Mabakuli matatu ya maji, moto mdogo, mpaka libaki bakuli moja.

"Halafu umpe sehemu saba kati ya kumi," alisema. "Tatu ziache chunguni, uzimwage. Mwili wake sasa ni nyumba ndogo. Usiingize wageni wengi kwa mara moja."

Niliitikia. Nikaenda nyumbani, nikamjazia bakuli mpaka ukingoni.

Siku arobaini nilimjazia. Asubuhi ya arobaini na moja sikuwa na wa kumjazia.

Nimelifikiria sana kosa hilo na nadhani ni kosa la watu wa kwetu. Kwetu bakuli lisilojaa ni tusi. Mgeni akiinuka kabla hujamwambia "ongeza" mara tatu, atakwenda kusema kwa jirani kwamba alikuta nyumba ina kisirani. Mama yangu mzazi alipakua wali kwa mgongo wa mwiko, akaukandamiza, akapakua tena juu yake, na kile kilima cheupe ndicho kilichokuwa maneno yake, maana kwa mdomo hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda. Nilijifunza lugha hiyo kabla ya kujifunza kusoma. Kwa hiyo mganga aliponiambia sehemu saba, nilisikia kwamba ananiambia nimpende mwanangu kwa sehemu saba na zile tatu nizimwage nyuma ya jiko, kwenye majivu. Ni mama gani angeweza? Labda wako. Mimi sikuweza.

Katika mji ule hawasalimiani kwa hujambo. Wanaulizana, "Kimezidi nini?" Na wewe unatakiwa kujibu, "Kidogo tu," hata kama umezidiwa mpaka kooni, kama sisi tunavyojibu sijambo tukiwa kitandani na homa.

Pale uwanjani wazee walikuwa wanafanya mazoezi yao. Walisogeza mikono polepole mbele ya vifua, kama wanaosukuma maji mazito ambayo mimi sikuyaona. Nusu ya uwanja ilikuwa jua, nusu kivuli, nao walikuwa wamejipanga juu ya mstari wa katikati, mguu mmoja kwenye joto na mwingine kwenye ubaridi. Waliambiwa, miaka mingi iliyopita, kwamba anayeishi hivyo anaishi sana. Na kweli wameishi. Mmoja wao alikuwa na mama yake pembeni, na mama yule naye alikuwa na mama. Niliwatazama nikawaza: watu hawa wamekula kwa kiasi, wamelala kwa kiasi, wamekasirika kwa kiasi, na mauti yamepita mlangoni kwao yakaona nyumba imepangwa vizuri, hakuna pa kushika. Lakini niliwaza pia: wakifiwa, wanalia machozi mangapi? Nani anawahesabia?

"Kimezidi nini, bibi?" aliniuliza mwanamke aliyekuwa anafagia mlango wa nyumba ya dawa.

Nilitaka kusema kidogo tu. Nikasema, "Mwanangu."

Hakunicheka. Aliuegemeza ufagio ukutani, akanishika kiwiko, akanipandisha ngazi zile tatu kana kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili yangu peke yangu. Sikumjua jina. Nimemwandika hapa ili mkono wake usipotee.

Chumba cha kusubiri kina mabenchi matano, na kila benchi ni la waliozidiwa na jambo moja. La kijani ni la hasira, ambayo hukaa kwenye ini. Jekundu ni la furaha, ambayo hukaa moyoni. La njano ni la mawazo, kwenye bandama. Jeusi ni la hofu, kwenye mafigo. Jeupe ni la huzuni, na huzuni hukaa mapafuni. Hakuna anayekuonyesha pa kukaa. Unasimama katikati na miguu inakupeleka.

Nilikaa kwenye jeupe. Mabenchi mengine yalikuwa matupu, isipokuwa jekundu. Pale aliketi mzee mwembamba mwenye kofia ya kufumwa, anatabasamu peke yake na kujishika kifua.

"Karibu, shemeji," aliniambia.

"Mimi shemeji yako tangu lini?"

"Leo. Kila mwanamke leo ni shemeji yangu. Mke wangu amerudi." Akacheka, akakohoa, akajishika kifua tena. "Naitwa Kibwana. Alikwenda kwao kumsalimia dada yake, akakaa miaka tisa. Alhamisi iliyopita naona mtu anaingia uani, anauliza kwa nini nimeacha sufuria nje."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nitaiingiza." Alifuta machozi kwa ncha ya kanzu. "Tangu siku hiyo silali, moyo unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Bi Meilan ananiambia, Kibwana, furaha hii itakuua. Nikamwambia, na iniue, nimeingoja miaka tisa. Akanijibu, basi mkeo atakuwa amerudi kuja kuosha maiti. Mwanamke yule ana mdomo."

"Ana mdomo," nilikubali.

"Wewe je? Benchi jeupe. Mume?"

"Mtoto."

Aliacha kutabasamu. Niliona ni kazi nzito kwake, kama mtu anayesukuma kabati. Akatoa chenza mfukoni, akalimenya, akaligawa, akavuka chumba kunipa nusu yangu. Maganda akayarudisha mfukoni kwa uangalifu. "Haya wanayakausha, ni dawa," alisema. "Ndani watu wote wanataka. Ganda wanatupa. Kula, shemeji."

Nilikula. Chenza lilikuwa chachu na tamu, na katikati ya kutafuna nikaona miguu yangu haifiki sakafuni. Ilikuwa inaning'inia, midogo, ina vumbi. Mama yangu alikuwa mbele yangu na mwiko. "Ongeza," alisema. Nilisema nimeshiba. "Ongeza, mwaka wa njaa sisi tulikula mizizi ya mgomba." Nikafumbua mdomo, ukaingia mwaka mzima wa njaa ambao sikuuishi. Kisha miguu ikarefuka, ikafika chini, na nikawa mimi niliyeshika mwiko, na mbele yangu mtoto mwenye mashavu aliyefumba mdomo akigeuza kichwa. "Ongeza, Siku." Alikuwa na miaka mitatu. Alinitazama, akaona uso wangu, akafumbua mdomo.

Akaona uso wangu, akafumbua mdomo.

Sijui kwa nini sikuwahi kulitazama jambo hilo kabla ya siku ile. Mtoto wa miaka mitatu aliyeshiba, anayekula kwa sababu ya uso wa mtu mwingine.

"Mama Siku," sauti iliita kutoka nyuma ya pazia. "Ingia. Kibwana, wewe kaa, na usicheke mpaka nikuite."

Chumba cha Bi Meilan kinanuka mdalasini, tangawizi iliyozeeka na kitu kama udongo baada ya mvua. Ukuta mzima ni droo ndogo ndogo za mbao, na juu ya meza kuna mizani ya shaba ambayo sahani zake si kubwa kuliko sarafu. Kijiti cha udi kilikuwa kinaungua polepole; hiyo ndiyo saa yake. Naye alikuwa vilevile, mdogo, nywele nyeupe zimebanwa kwa kijiti. Hakuniuliza kimezidi nini. Aliweka mto mdogo mezani, nikalaza mkono wangu juu yake, akaweka vidole vitatu.

Kidole cha kwanza hakibonyezi, kinagusa tu kama inzi. Cha pili kinabonyeza kidogo. Cha tatu kinakwenda mpaka kwenye mfupa. Alisikiliza. Udi ukadondosha majivu.

"Hapa juu nasikia mtoto anayelazimishwa kula," alisema. "Hapa kati, mama anayepika. Hapa chini," akabonyeza zaidi, "hapa chini kuna mwanamke mwingine. Mpole. Anapiga polepole ili usimsikie."

"Ni yeye."

"Miezi mingapi?"

"Huku kwenu sijui miezi inahesabiwaje. Mvua zimepita mara mbili."

"Mama Siku, huzuni imejaa mapafuni mpaka juu. Sikwambii uitoe yote. Mapafu yasiyo na huzuni hata kidogo ni nyumba isiyo na mlango, upepo unapita tu, hakuna anayeishi mle. Lakini yako mlango haufungi tena. Ukiendelea hivi, mvua zijazo hutaziona. Ukipunguza, utaishi sana. Una mwili mzuri. Una miaka ishirini humu ndani imekaa inakungoja."

"Niishi sana kwa ajili ya nini?"

"Hilo halimo kwenye mshipa," alisema. "Mshipa unasema unaweza. Hausemi kwa nini."

Hapo nikaifungua kanga. Nililiweka bakuli mezani, bakuli la udongo mweupe lenye ua la bluu nje, kati ya mizani yake na mto wake. Tangu asubuhi ile ya arobaini na moja sikuwa nimelitazama ndani. Nilikuwa nimelifunga na kuliweka juu ya kabati, na nilipopita chini yake nilikuwa nainamisha kichwa.

"Uliniambia saba," nilisema. "Mimi nilimpa kumi. Siku zote arobaini. Nilimjazia mpaka ukingoni, nikambebea kwa mikono miwili isimwagike, nikamwekea dirishani ipoe. Sikumwaga hata tone. Niambie kweli, Bi Meilan. Sikuja kutaka dawa. Ni mimi niliyemuua?"

Alinitazama. Kuna watu wanaokutazama huku wakitafuta la kukufariji, na macho yao yanakimbia. Yake hayakukimbia. Alilichukua bakuli, akaliinamisha kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba ndani yake, akarudia.

"Aliinywa ukiwepo?"

"Hapana. Alikuwa anaona haya kukunja uso mbele yangu, dawa ilikuwa chungu. Nilikuwa narudi jikoni. Baadaye namuuliza kwa sauti, umemaliza? Ananijibu, nimemaliza, mama. Nikienda nakuta bakuli limefunikwa dirishani, tupu."

"Alikuwa anachukua muda?"

"Muda mrefu. Alikuwa anainywa funda moja moja. Wakati mwingine mpaka ugali ulikuwa tayari."

"Njoo uone."

Nilisogea. Ndani ya bakuli, juu ya ule weupe, kulikuwa na mstari. Ulizunguka duara zima, wa kahawia, mwembamba kama uzi wa kushonea, ule mstari ambao chai huacha kwenye kikombe ikikaa kwa muda. Juu ya mstari, udongo ulikuwa mweupe kabisa mpaka ukingoni. Chini yake ulikuwa umefifia rangi ya majani makavu.

"Dawa hii huacha rangi pale inapokaa," Bi Meilan alisema. "Inapopita tu, haiachi. Siku arobaini ilikaa hapa. Haikukaa ukingoni." Alichukua kijiti, akapima kutoka chini hadi mstari, na kutoka mstari hadi juu. Hakuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa naona kwa macho yangu. "Dirishani kulikuwa na nini, Mama Siku?"

"Mrehani. Kwenye kopo. Aliupanda mwenyewe."

"Uliendeleaje?"

"Uliungua. Nilidhani ni jua." Na nilipokuwa nasema neno jua nikakumbuka kwamba dirisha lile halipati jua. Linatazama ukuta wa jirani.

Sikulia. Watu hudhani jambo kama hilo likikuangukia unalia. Nilikaa, nikaweka mikono juu ya magoti, nikamwona. Anasikiliza miguu yangu ikirudi jikoni. Anajiinua kwa kiwiko, yeye ambaye kujigeuza tu kulikuwa safari. Anachukua lile bakuli nililolijaza kupita kiasi, ambalo hata mtu mwenye afya angelimwaga, na kwa mikono inayotetemeka analiinamisha juu ya kopo la mrehani, kidogo, kidogo, mpaka zimebaki saba. Alikuwepo siku ile, alimsikia mganga kama mimi nilivyomsikia. Kisha anapumzika. Kisha anakunywa. Na kila siku anamwagilia mmea wake dawa inayouua, mmea aliokuwa anaupenda, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kwake kuliko kuniambia, mama, imezidi.

Mimi ni mtu wa kuona wema. Wanaonijua watakwambia. Nakumbuka nani alinipisha kiti mwaka gani, nani alinisogezea sahani msibani. Na wema huu ulifanyika nyumbani kwangu mara arobaini, mlango wa pili kutoka jikoni, nami nilikuwa nageuza ugali.

"Kwa hiyo si mimi," nilisema.

"Si wewe. Na si dawa. Kifua chake kilikuwa kimekwisha alipoingia hapa. Nilikupa mchanganyiko wa kumpunguzia kikohozi apate kulala. Nilikwambia hivyo siku ile."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unahesabu pakiti."

Ni kweli, nilikuwa nahesabu pakiti. Nilizihesabu mara mbili, nikamwomba aniongezee moja.

Nje, nyuma ya pazia, Kibwana alicheka peke yake kisha akajinyamazisha. Nilidhani jibu lingenipunguzia mzigo, na lilipunguza. Lakini mahali pale ulipotoka ule mzigo paliingia kitu kingine, chepesi zaidi na kirefu zaidi, nacho sijui kama kina benchi. Nilikuwa nimebeba kosa, na kosa lina mpini, unaweza kulishika. Sasa nilikuwa nimebakiwa na yeye tu, na hana mpini. Nilitaka kumwambia, ungesema, mwanangu. Ningekasirika asubuhi moja, halafu tungecheka. Ungesema, na mrehani ungekuwa hai. Lakini yeye alikuwa ameuona uso wangu tangu ana miaka mitatu.

Bi Meilan alisimama. Alifungua droo moja, akafunga, akafungua nyingine, akapima kwenye ile mizani ya sarafu: kunazi tano, kipande cha ganda la chenza, mizizi myeupe nisiyoijua. Kila kitu alikipima, akakipunguza, akakipima tena. Akakipika kwenye chungu chake kwa moto mdogo. Kijiti cha udi kiliungua chote, akawasha kingine, na labda miaka ilipita, kwa sababu nilipotazama mikono yangu niliiona laini, halafu nikaiona ya zamani, halafu laini tena.

Aliimimina dawa kwenye bakuli la Sikudhani. Akamimina, akamimina. Ikapita mstari wa kahawia. Ikafika ukingoni ikasimama pale, imevimba, inatetemeka.

"Imezidi," nilimwambia.

Aliitazama kama aliyeamshwa. Mkono wake ulikuwa bado umeshika chungu. Mwanamke huyu aliyekula kwa kiasi miaka themanini, aliyenisihi mimi nipunguze, macho yake yalikuwa yamejaa sawasawa na lile bakuli.

"Nimekaa nanyi muda mrefu," alisema. "Mkono umejifunza."

Akaisogeza dirishani ipoe. Pembeni yake palikuwa na kopo lenye mmea mdogo, wa nini sijui. Kisha akasema ana mtu benchi jekundu anayemngoja, akapita nyuma ya pazia, nikamsikia akimwambia Kibwana atoe ulimi.

Nilikuwa peke yangu. Nilisikiliza miguu yake ikienda. Nilijiinua kwa kiwiko, na kifua kilinibana, nikapumzika kabla ya kunyoosha mkono. Bakuli lilikuwa zito. Nililishika kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini na minne, ina kovu dogo la kisu karibu na kidole gumba, kovu ambalo nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe kwa kitambaa cha kanga. Sikuumwagia mmea wa watu. Niliinama nje ya dirisha, nikaliinamisha bakuli juu ya mchanga mtupu, kidogo, kidogo, huku nikitazama mstari. Nilijua pa kuachia.

Kisha nikanywa. Ilikuwa chungu, nikakunja uso, na nikafurahi kwamba hakuna aliyeniona. Nilikunywa funda moja moja. Harufu ya ugali ilikuwa inaingia kutoka mahali fulani, na mwiko ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria, ule mgongo wa mwiko ninaoujua.

"Umemaliza?" sauti iliuliza kutoka upande wa pili.

Nililifunika bakuli, nikaliweka dirishani.

"Nimemaliza, mama," nilisema.